Upuuzi wa Nani?

Asubuhi moja ya Julai pale Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, ukungu ulikuwa bado umekalia mabonde. Viazi vilishashushwa kutoka milimani, vijana wenye makoti ya mtumba walikuwa wanashona magunia, na Fuso moja ilikuwa imefunguliwa ubavu ikisubiri mzigo. Mama mmoja mtu mzima, kajifunga kanga mbili na sweta juu yake, akatoa kwenye kapu lake mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, akamwomba kijana mmoja amtundikie kwenye tawi. Alitaka gunia lake lipimwe kabla halijapanda gari.

Dalali hakupandisha sauti wala hakutukana. Alimtazama yule mama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya bonde, akasema: "Mama, huo upuuzi tutaufanya siku nyingine. Gari linaondoka."

Watu wawili watatu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe cha chai ya tangawizi, na kuanzia hapo sikuwaza viazi tena, niliwaza neno. Kwa nini hakusema "ujinga"? Angemwita mjinga mtu mzima yule mbele ya wanawake kumi wa kijiji kimoja, asingepakia hata kiazi siku ile. "Upuuzi" ulimvusha salama. Haukumgusa mama, uligusa mizani tu. Au ndivyo ulivyojifanya.

Kwa asiyejua biashara hii: gunia la viazi huku kwetu haliishii mdomoni. Linaongezewa kichwa kwa kusukwa kamba, viazi vinapangwa hadi gunia linaota nundu, na hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100, lakini lumbesa haijawahi kusoma sheria. Mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kila kiazi kilichopita mdomo wa gunia kimekwenda bure, na chombo pekee kinachoweza kusema kimekwenda bure kiasi gani ni mizani. Hicho ndicho kilichoitwa upuuzi.

Sasa tulifungue neno lenyewe. Mzizi wake ni puuza: kutokitilia kitu maanani, kukiona si kitu, kukiacha kipite. Kiswahili kina desturi ya kuchukua kitenzi, kukibadilisha irabu ya mwisho iwe i, na kupata mtendaji pamoja na kazi yake. Linda inatupa mlinzi na ulinzi. Iba inatupa mwizi na wizi. Kwa kanuni hiyo hiyo mpuuzi alipaswa kuwa mtu anayepuuza, na upuuzi uwe ile kazi ya kupuuza. Lakini simama soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, umuulize mpita njia yeyote mpuuzi ni nani: atakwambia ni mtu wa kupuuzwa. Mtendaji kageuka mtendwa. (Najua puuza yenyewe imewahi pia kubeba maana ya kupiga porojo zisizo na kichwa wala miguu, kwa hiyo mwanaisimu atakuwa na la kunijibu. Anijibu. Mimi nazungumzia neno linavyofanya kazi leo sokoni.)

Si neno la kwanza kugeuka namna hii. Mpenzi wa soka ni yule anayependa. Mpenzi wangu ni yule ninayempenda, hata kama yeye simu zangu hapokei. Mpenzi anatembea pande zote mbili na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu kokote aendako mapenzi yanaonekana ni ya nani. Kwa upuuzi mambo ni tofauti. Ukisema "huu ni upuuzi", hujasema "mimi nimeamua kutoujali". Umejitoa kwenye sentensi. Uamuzi wako umekivika kitu, na watu wakikitazama wanadhani kilizaliwa nao. Ndiyo maana nasema upuuzi ni neno janja kuliko ndugu zake wote. Linajifanya linaeleza tabia ya kitu, kumbe linaeleza mgongo wa msemaji.

Watafsiri wa Biblia waliliona hilo mapema, au angalau waliliacha lionekane. Katika Union Version ya 1952, ambayo Wamoravian na Walutheri wengi wa nyanda hizi wamekua nayo, neno limeandikwa upuzi, kwa u moja katikati, kama majirani zetu Wakenya wanavyolitamka hadi leo. Soma Luka 24. Wanawake wametoka kaburini alfajiri, wamekuta jiwe limeviringishwa, wamekuja mbio kuwaambia mitume. Mstari wa 11 unasema maneno yao "yakaonekana kuwa kama upuzi kwao". Tazama hilo neno dogo la mwisho, kwao. Mwandishi hakusema maneno ya wale akina mama yalikuwa upuzi. Alisema yalionekana hivyo, na akataja kwa nani. Paulo naye, kwenye waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anasema neno la msalaba ni upuzi kwao wanaopotea. Kwao, tena. Dalali wa Isyonje angekuwa msema kweli kabisa kama angeongeza neno moja tu: "Mama, mizani yako ni upuuzi kwangu."

Nimewalinganisha ndugu za neno hili, na sioni mwingine mwenye tabia hiyo. Chukua ujinga. Tulipopata uhuru Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bibi yangu kule Rungwe ndiye hasa aliyekuwa anasemwa kwenye vita hiyo. Hakununa. Alichukua daftari akaenda darasani jioni, akarudi anajua kuandika jina lake, na kisomo chenyewe kiliitwa cha kufuta ujinga bila mtu kuona haya. Pwani ya zamani mjinga alikuwa pia mgeni aliyewasili majuzi, asiyejua bado mji na mambo yake. Ujinga, basi, ni hali ya kupita. Una mlango wa kutokea. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, na ukitaka kuiona methali hiyo ikitembea kwa miguu miwili, mtazame mama aliyekuja Isyonje na mizani kapuni.

Hakuna serikali iliyowahi kutangaza vita dhidi ya upuuzi. Ingeanzia wapi?

Upumbavu nao ni habari nyingine. Unatoka kwenye kupumbaa, kama unyamavu unavyotoka kwenye kunyamaa, na unamkaa mtu mwilini. Mpumbavu si aliyefanya jambo, ni alivyo. Ndiyo maana tarehe 23 Agosti 2015, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliposema pale Jangwani "wapumbavu na malofa" kwenye uzinduzi wa kampeni za chama chake, maneno hayo yalitafunwa kampeni nzima hadi vijiwe vya huku Mbeya, mji ambao siasa yake haijawahi kupoa. Lofa ni neno la Kiingereza tulilolifuga, maana yake mzururaji asiye na kazi, na liliuma kwa sababu waliokuwa wanalisikiliza hawakuwa na kazi kweli. Nadhani angesema "maneno yao ni upuuzi" ingekuwa hotuba kama hotuba nyingine. Upumbavu unamtafuta mtu. Upuuzi unampita pembeni, lakini unampita na mlango ukiwa umeshafungwa.

Halafu kuna swali la nani anaruhusiwa kumwambia nani. Hapa ndipo neno linapojivua nguo. Upuuzi ni kama Mto Kiwira, unatelemka tu, haupandi. Baba anamwambia mwana, bosi anamwambia karani, mwalimu anamwambia darasa zima. Sijamsikia mkwe akimwambia mama mkwe wake aache upuuzi na kesho yake wakala meza moja. Kwenye kikao cha ukoo kijana akiona mzee anasema jambo lisilo na mantiki hasemi upuuzi. Anasema, "Baba, labda mimi ndiye sijaelewa." Akitaka kuthubutu zaidi anasema, "Baba nawe kwa utani." Utani, masihara, mzaha: maneno ya kupandia mlima. Upuuzi ni wa kushukia.

Sikiliza pia vitenzi linavyoongozana navyo. Ujinga unao. Upumbavu umekujaa. Upuuzi unauleta. "Usiniletee upuuzi wako hapa." Neno linadhani kuna mahali safi, penye kazi za maana, na mtu kafika mlangoni na kitu mkononi. Mwenye mahali hapo ndiye anayeamua kipi kinaingia. Na ukilitamka vizuri utagundua kwamba mdomo wenyewe unapuliza: u-puu-zi. Ni kama kupuliza vumbi juu ya meza. Sisemi neno lilitokana na mlio huo, nasema linasaidiwa nao.

Nina kesi yangu mwenyewe, na siiwasilishi kwa fahari. Tunaishi upande wa Uyole, ambako baridi ya Juni na Julai haina adabu. Asubuhi moja mwanangu, akiwa darasa la tano, alinikuta nikiwa na daftari langu la mahesabu akaniuliza kwa nini bati linatoa jasho kwa ndani wakati hakuna mvua. Nikamwambia, "Acha upuuzi, kanawe uende shule." Alikwenda. Baada ya dakika kumi tone moja likaniangukia katikati ya ukurasa. Nikanyanyua macho juu, na nikatambua kwamba swali lilikuwa zuri na mimi jibu sikuwa nalo. Pumzi zetu za usiku na mvuke wa jiko hupanda, hukutana na bati lililopozwa na baridi ya nje, mvuke unageuka maji. Hilo nilikuja kulisoma baadaye. Asubuhi ile nilichokuwa nacho ni neno moja lililobeba mambo mawili niliyoona aibu kuyasema, kwamba sijui na kwamba sina muda. Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu mzima anatamka upuuzi huwa najiuliza kabeba lipi kati ya hayo mawili.

Nisije nikaonekana nataka dunia isiyo na utani wala vichekesho, niseme na upande wa pili. Kuna tabia za kipuuzi kabisa kwa macho, tena za makusudi, ambazo huku hakuna mwenye akili timamu anayeziita upuuzi. Nilikwenda msibani Iringa, kwa Wahehe. Tumeshamaliza kuagana na "kamwene" zote, ile salamu ya Kihehe, zimesalimiwa, jeneza limebebwa, gari liko tayari. Wakatokea watani, Wangoni wawili. Mmoja kavaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kwa mwendo wa marehemu, mguu ule wa kushoto ukiburuzwa kidogo, anauliza kwa sauti ya marehemu nani kamruhusu mtu avae koti lake. Mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Wa pili akalala chini mbele ya matairi ya gari, akasema haendi mtu kuzikwa mpaka alipwe deni lake la pombe.

Mkwe mmoja kutoka Dar es Salaam, suti nyeusi, miwani, akatazama saa. "Upuuzi gani huu?"

Kukawa kimya. Yule aliyelala chini akainua kichwa, akamjibu kwa upole mkubwa: "Shemeji, upuuzi huu una bei. Ulikuwa elfu mbili. Sasa ni elfu tano."

Akalipa. Nimeifikiria sana bei ile. Utani wa makabila una sheria ngumu kuliko za barabarani: nani anamtania nani, wapi, hadi wapi, na anayetaniwa haruhusiwi kukasirika. Kazi yake msibani ni kuvunja kile kimya kinachotaka kuwameza waliobaki. Yule mkwe hakufanya kosa la lugha. Alifanya kosa la kujitambulisha. Kwa neno moja aliwaambia watu wote pale kwamba yeye yuko nje ya sheria hizo, na mtu wa nje hulipa nauli ya mtu wa nje.

Basi je, neno hili tulitupe? Hapana, lina mahali pake, tena mahali pake pa asili, pale linaporudi kwa anayepuuza. Panda basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, ushuke mteremko wa Kitonga, korongo liko upande mmoja na ukuta wa mawe upande mwingine, alama zinawakumbusha madereva wa malori watumie gia nzito. Kuna dereva anayetoa gia, anaachia lori la tani kadhaa lishuke huru ili aokoe lita chache za dizeli. Huyo ni mpuuzi, na hapa sarufi na mtaa vinakubaliana. Kapuuza mlima, kapuuza breki, kapuuza waliomo kwenye basi linalopanda. Kwa jambo hili sina neno jingine na silitafuti. Redio zetu zinalitumia vizuri pia kwa upande wa kukataza: usipuuze kikohozi cha wiki mbili, nenda kapimwe. Mzizi ni ule ule, ila hapo unajulikana ni mkono wa nani.

Ukiwa unarudi, ukapanda Kitonga na kupita Ilula, kabla ya kufika Iringa mjini kuna mnara Lugalo kando ya barabara. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, ofisa wa Kijerumani ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, alikuwa anaongoza msafara mrefu wa askari wenye bunduki na mizinga kupita porini. Kwa hesabu yake watu wa mikuki na ngao hawakuwa kitu. Jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilikuwa limejificha, likauvamia msafara ule kwa mikuki hiyo hiyo, na kwa muda mfupi Zelewski na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wamekufa. Wazee wa Iringa hawakosi maneno ya kumsifia Mkwawa, lakini mimi kila nikipita pale humtazama Nyundo. Hakuwa mjinga, alisoma. Hakuwa mpumbavu, alikuwa na uzoefu wa vita. Alikuwa mpuuzi kwa maana ile ya kisarufi tuliyoipoteza.

Vijana wao wana ghala lao, na nalipita haraka kwa sababu linabadilika kila mvua: kilaza, mbulula, zwazwa, boya, ndezi. Boya napenda, kwa sababu ukilifikiria linaeleza mtu anayeelea tu, maji yakimpeleka kokote. Ndezi namwonea huruma, maana yule mnyama wa porini hana ujinga wowote, waulize waliowahi kumtega. Yote hayo yanampiga mtu usoni waziwazi, na kwa hilo nayaona yana uungwana fulani. Ukiitwa boya unajua umetukanwa na nani.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba zamani nyanda hizi hazikupima ujinga na busara hivi. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliwakuta wanaume wa rika moja wakijenga kijiji chao pamoja, na raha kubwa ya maisha ikiwa ni ukwangala, kukaa na wenzako mkila, mkinywa na kuzungumza. Humo ndimo mtu alimopata amahala, yaani akili na busara. Aliyeonekana mjinga ni yule aliyekaa kimya katikati ya watu, kwa sababu asiyezungumza hajifunzi. Yaani zile porojo ambazo leo bosi akizikuta ofisini anaziita upuuzi, kwa mababu zetu zilikuwa ndilo darasa. Kijana alifika na swali la kitoto, wenzake wakalicheka, wakaligeuza, likatoka huko na kichwa. Sisi tunalipuliza kama vumbi lingali mlangoni.

Nirudi Isyonje, maana sikuwaambia mama alijibu nini.

Hakubishana. Aliitoa mizani kwenye tawi taratibu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha kapuni. "Ndaga, mwanangu," alimwambia dalali, yaani asante. "Basi na gunia langu litapanda hiyo siku nyingine." Akakaa juu yake. Akakaa kweli, kama mtu aliyefika kwake, akafungua mfuko wa nailoni akatoa kiazi cha kuchemsha.

Dereva akapiga honi mara moja. Mwanamke wa gunia la pili akatazama, naye akakaa. Nilipomaliza chai yangu yalikuwa yamekaliwa magunia sita, na kijana wa kushona alikuwa anamtazama dalali huku kashika ncha ya kamba, hajui aanze kufumua au asubiri.